Viti Vitupu Vilishinda Jela

Majuzi nilikuwa nikifundisha Historia na Serikali katika kidato cha tatu cha shule moja ya Embu, kijana mmoja akasimama akaniuliza: "Mwalimu, mbona wapiganiaji haki wakishaingia Bungeni hunyamaza?" Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka nao. Hata hivyo, swali hilo lilinifuata hadi nyumbani.

Nilimjibu kwanza kwa mfano wa karibu. Augustine Njeru Kathangu alikamatwa mwaka 1990, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa madai ya uchochezi, pamoja na George Anyona, Edward Oyugi na Ngotho Kariuki. Desemba 1992, katika uchaguzi wa kwanza baada ya kurejea kwa vyama vingi, watu wa Runyenjes walimpeleka Bungeni. Yule ambaye serikali ilimwita mhalifu, wananchi wakamwita Mheshimiwa.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya kijana yule. Swali lake lina msingi. Wakili Kiraitu Murungi aliwatetea wafungwa wa kisiasa wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa hatari kwa wakili mwenyewe. Aliingia Bungeni mwaka 1992 kwa kura za Imenti Kusini, na mwaka 2003 akawa Waziri wa Haki. Chini yake zilipitishwa sheria mpya za kupambana na ufisadi. Lakini Februari 2006 alijiuzulu wakati wa kashfa ya Anglo Leasing, huku akikana kosa lolote, na Novemba mwaka huo huo akarejeshwa barazani. Ndipo wengi walipoanza kuuliza kama joho la uwakili na kiti cha uwaziri vinaweza kukaa nyumba moja.

Ila yuko Mmeru mwingine ambaye historia yake inaligeuza swali lenyewe. Gitobu Imanyara alianzisha jarida la Nairobi Law Monthly mwaka 1987. Kwa sababu ya maandishi hayo alikamatwa mwaka 1990, na tena mwaka 1991. Baadaye watu wa Imenti ya Kati walimchagua mwaka 1997, wakamwacha mwaka 2002, kisha wakamrudisha mwaka 2007.

Aliporudi, nchi ilikuwa inaungua. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi ule. Serikali ilipeleka mswada wa kuunda mahakama maalumu ya kuwahukumu washukiwa, nao ukaanguka Februari 2009. Imanyara hakunyamaza. Akiwa mbunge wa kawaida, asiye na wizara wala bendera ya gari, aliandika mswada wake mwenyewe.

Ulipofika wakati wa kuujadili, mwezi wa Novemba, wenzake hawakuonekana. Bunge la watu 222 lilikosa hata wabunge 30 waliohitajika ili kikao kiendelee. Hawakupiga kura ya kuukataa, wala hawakutoa hoja ya kuupinga. Mswada ulikufa kwa utoro. Kesi zikaishia The Hague, na kufikia mwaka 2016 zote zilikuwa zimesambaratika bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani kwa vifo vile.

Basi jibu langu kwa kijana yule ni hili: si wote hunyamaza. Wengine husema, lakini husemea viti vitupu. Jela haikuweza kumnyamazisha Imanyara, ila viti vya wenzake viliweza. Anayepinga mswada kwa kura huacha jina lake katika kumbukumbu za Bunge, na mpiga kura aweza kumdai maelezo. Mtoro haachi alama yoyote, kisha hurudi nyumbani kwa harambee akapigiwa makofi.

Walimu wenzangu, sisi huita majina darasani kila asubuhi, na mwanafunzi asiyefika hueleza sababu. Tuwafunze vijana wetu wamwitie mbunge jina vivyo hivyo. Wasimuulize tu alifungwa mara ngapi zamani, wala ametoa kiasi gani leo. Wamuulize: siku ile mswada ulipoletwa, wewe ulikuwa wapi?