Prospero hataki kuondoka kisiwani

Vijana wenzangu, leo nataka tumzungumze mzee mmoja. Anaitwa Prospero. Msihangaike kumtafuta kwenye orodha ya wagombea, hayumo. Alizaliwa kwenye karatasi huko London, yapata mwaka 1611, katika tamthilia ya William Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1969 akaiita Tufani. Mwaka huohuo wa 1969 Aimé Césaire, mshairi na mwanasiasa wa Martinique, aliichukua hadithi hiyo akaiandika upya kwa Kifaransa kwa ajili ya waigizaji weusi. Alichobadilisha ndicho kimenifanya niandike.

Prospero wa Shakespeare alikuwa mtawala wa Milan, akapinduliwa na ndugu yake wa damu, akatupwa baharini pamoja na binti yake mdogo, Miranda. Wakafika kwenye kisiwa. Sasa hapo kisiwani kulikuwa na mtu tayari, anaitwa Caliban, mtoto wa Sycorax, mwanamke mchawi kutoka Algiers ambaye alikuwa ameshakufa. Caliban akampokea mgeni, akamwonyesha chemchemi za maji baridi na sehemu zenye rutuba. Mgeni akamfundisha lugha. Mwisho wa siku mgeni akawa mwenye kisiwa, na mwenyeji akawa mbeba kuni.

Tukisoma haraka tunadhani nguvu ya Prospero iko kwenye fimbo na vitabu vyake vya uchawi. Nami nilidhani hivyo. Lakini hebu tazameni anavyoongea na Ariel, yule pepo anayemtumikia. Sycorax alimfungia Ariel ndani ya mti wa msonobari kwa miaka 12, Prospero akamtoa. Sawa, alimkomboa kweli, hilo halina ubishi. Tatizo linaanza Ariel anapouliza, kwa adabu zote, ile ahadi ya kumwachia huru itatimia lini. Mzee anawaka! Umesahau nilikokutoa? Umesahau mateso yale? Tena anasema wazi kwamba inambidi amkumbushe hadithi hiyo kila mwezi, kwa sababu jamaa ni msahaulifu. Na akiendelea kunung'unika atarudishwa ndani ya mti, safari hii mwaloni, miaka mingine 12.

Mmeiona hiyo? Anaanza na hadithi ya ukombozi, kisha kitisho kinafuata nyuma yake. Na ukombozi wenyewe umegeuzwa mkopo usioisha, maana anayedai ndiye anayeshika daftari. Mimi nimekua nikisikia hadithi za aina hiyo kwenye mikutano. Nikasoma ukurasa ule nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho Shakespeare anakiacha kipite kama vile hakina maana. Miranda anasema hapendi hata kumwona Caliban. Baba yake anamjibu kwamba hata hivyo hawawezi kuishi bila yeye: ndiye anayewasha moto, ndiye anayeleta kuni. Yaani bwana mkubwa mwenye pepo wa kupeleka dhoruba baharini hawezi kujichemshia chai.

Césaire alikamata hapohapo. Prospero wake ni mtu wa ramani: amegundua nchi mpya, ndugu yake na mfalme wa Naples wanazitamani, wanamsemea kwa mahakama ya kanisa ili wamnyang'anye. Ugomvi wao tangu mwanzo ni wa kugombea koloni. Ariel ni mtumwa chotara, Caliban ni mtumwa mweusi. Na Caliban anapoingia jukwaani, neno la kwanza kabisa linalomtoka kinywani ni letu sisi: Uhuru. Ndiyo, kwa Kiswahili, katikati ya tamthilia ya Kifaransa iliyoandikwa na mtu wa Karibi. Neno lililopigiwa kelele kwenye viwanja vya Dar es Salaam na Nairobi lilikuwa limeshavuka bahari. Prospero analichukia palepale. Anataka kuzungumzwa kwa lugha aliyoifundisha yeye.

Tulipoisoma hii na vijana wa tawi letu, ubishi uliwaka kuhusu Ariel na Caliban, kama nilivyotarajia. Kwa Césaire hao wawili wanakaa chini wanajadiliana kama wenzetu wanavyojadiliana kila baada ya uchaguzi. Ariel anaamini dhamiri ya mzee inaweza kuamshwa, hivyo tusimpige, tumbadilishe. Caliban anamwona anaota ndoto, anasema mtu huyo hana dhamiri ya kuamsha. Wengi wamewaona humo Martin Luther King na Malcolm X, na Caliban kweli anakataa jina alilopewa, anataka aitwe X. Nusu ya chumba walikuwa upande wa Ariel, nusu upande wa Caliban. Mimi nilichoona ni kwamba hao wawili wanaachana bila kutukanana na bila kuitana msaliti. Sisi hapo tunafeli vibaya, tusidanganyane.

Dada mmoja akatukatiza. Akasema msinifanyie huyu Caliban kuwa shujaa, kwa Shakespeare anatuhumiwa kutaka kumbaka Miranda na hakanushi. Ni kweli, hakanushi. Kwa Césaire anakataa kwa hasira, anasema uchafu huo umetoka kichwani mwa Prospero. Dada hakuridhika, na sidhani alipaswa kuridhika. Mtu anaweza kuwa na haki ya kisiwa chake na bado akawa na kesi ya kujibu.

Tena Caliban ana kosa lingine, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Anapotaka kumwondoa Prospero anakutana na Stephano, mtumishi mlevi aliyeokoka kwenye meli na chupa yake ya mvinyo. Kwa Shakespeare, Caliban anakunywa, anapiga magoti, anajitolea kumlamba kiatu. Amepata bwana mpya na anaita huo ni ukombozi! Mapinduzi yao yanavunjikia mlangoni, kwa sababu Stephano na mwenzake wameona nguo za kung'aa zimeanikwa, wanaanza kugombania. Caliban anawasihi waziache, tumalize kazi kwanza, hawamsikii. Wangapi tumewaona wakifika mlangoni halafu wakaishia kwenye nguo? Caliban wa Césaire angalau anajuta mapema kwamba aliwaamini walevi.

Sasa tuje kwenye tofauti kubwa. Prospero wa Shakespeare anang'atuka. Anaahidi kuivunja fimbo na kukizamisha kitabu baharini, anasamehe, anapanda meli kurudi Milan, na mwishoni anasimama mbele ya watazamaji kama mtu wa kawaida anayewaomba wamwachie aende. Ni mwisho mzuri. Kisiwa kinabakije, hatuambiwi.

Césaire anaukataa. Kwake meli iko tayari, wageni wamepanda, Miranda anaondoka na mchumba wake, Ariel amepewa uhuru wake. Caliban anamwambia mzee usoni kwamba hataondoka, kwamba wito anaojidai nao ni wito wa kumsumbua yeye tu. Na kweli, Prospero anaziacha meli ziende. Anajiona kama kiongozi wa muziki ambaye bila yeye kisiwa kitakuwa kelele tupu. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemzuia. Nafasi ya kuondoka kwa heshima ilikuwa pale bandarini.

Nitasema na hili, ingawa najua wapo watakaonuna. Césaire mwenyewe alikuwa meya wa Fort-de-France kuanzia 1945 hadi 2001. Miaka 56. Alichaguliwa kwa kura, alikiacha chama cha Kikomunisti cha Ufaransa mwaka 1956 kwa kukataa kupangiwa mawazo na Paris, alianzisha chama chake mwaka 1958, na watu wake walimpenda mpaka alipofariki 2008. Sikuiweka hapa ili kumchafua. Nimeiweka kwa sababu kwenye kikao kile kijana mmoja aliuliza kama mtu anaweza kumchora Prospero vizuri namna ile bila kumfahamu kwa karibu, na hakuna aliyemjibu, mimi nikiwemo.

Mwisho wa tamthilia yake ni huu. Muda umepita. Prospero amezeeka, maneno yanamkwama, wanyama wa porini wamejaa kuzunguka pango lake, naye anawafyatulia risasi akisema analinda ustaarabu. Baridi imeanza kuingia, na anajiambia itabidi afikirie namna ya kuwasha moto. Anamwita Caliban. Caliban haonekani, inasikika sauti yake tu, kwa mbali, kati ya mawimbi na ndege, akiimba.