Ushindi wa Kuokota

Nasema wazi nisije nikasingiziwa: klabu zetu za chesi zinajua kusherehekea ushindi, lakini kujua zimeshindaje hazitaki. Akishinda mtu, picha inapigwa, pointi inaandikwa, kundi la WhatsApp linajaa pongezi, basi. Akishindwa ndipo tunamkalisha chini tumpasue kama samaki. Mimi naona tumeenda kinyume. Mchezo wa kuchambuliwa zaidi ni ule tulioshinda, kwa sababu ule hakuna anayeushuku.

Chukua mchezo mmoja wa ligi, wa kijana wa huku kwetu Bombolulu. Jina lake silitaji, hajafanya jambo la kusutwa hadharani. Alikuwa na kete nyeupe. Askari wa wafalme wakakutana, e4 na e5. Kijana akatoa farasi f3, mpinzani akajibu na farasi c6. Askofu mweupe akakaa c4, mweusi akasogeza askari d6. Kijana akatoa farasi wa pili, c3. Mpinzani akampeleka askofu g4, akambana yule farasi wa f3, kwa maana akiondoka tu, malkia aliye nyuma yake yuko wazi.

Kijana akamwondoa hivyo hivyo! Farasi akala askari wa e5. Mpinzani kuona malkia wa bure, mate yakamtoka, akamla. Askofu mweupe akala f7, cheki. Mfalme hana njia ila e7. Farasi wa pili akaruka d5. Chekimeti, hatua ya saba.

Watu makofi. Na mtego huu una ukoo: unaitwa kwa jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor. Ni mtamu kuutazama, sikatai.

Sasa turudishe kete hadi hatua ya tano. Farasi mweupe ametua e5. Nani anaitazama e5? Farasi mweusi wa c6. Mpinzani angemwacha malkia, akamla farasi, mambo yangekuwa vipi? Farasi wake angefika e5, na kutoka pale anamlinda askofu wa g4. Malkia akimla askofu, naye analiwa. Malkia akijiokoa, mweupe ametoa farasi mzima kwa askari mmoja. Huo ni mchezo wa kushindwa, jamani. Yule kijana alikuwa ameshatumbukia, ila mpinzani hakuona shimo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa karibu. Angesogeza kwanza askari mmoja, h3, amuulize yule askofu anakwenda wapi. Askofu akirudi h5, mtego sasa ni halali. Farasi akila e5 na farasi mweusi akimla, malkia anamla askofu wa h5, maana hapo hana mlinzi. Farasi mweusi akila askofu wa c4, malkia anashuka b5, cheki, kisha anamla farasi huyo. Hesabu ikifungwa, mweupe yuko mbele kwa askari mmoja. Hatua moja ndogo ndiyo inayotenganisha mtu anayejua na mtu aliyebahatika. Kijana wetu hakuambiwa. Aliambiwa hongera.

Najua jibu litakalokuja: bwana, pointi ni pointi, jedwali haliulizi umeipataje. Kweli, jedwali haliulizi. Lakini jedwali linamalizika msimu ukiisha, na kijana anabaki na alichojifunza. Huyu amejifunza kuwa malkia akiachwa, mtu atamla. Siku akikutana na mpinzani anayetulia dakika mbili kabla ya kugusa kete, atapoteza farasi bure, atadhani ameshikwa na mkosi, na baada ya mikosi mitatu hutamwona tena klabuni. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hapa mgema bado mtoto, na wanaomsifu ni sisi wakubwa.

Wengine watasema simu ipo, programu itaonyesha kosa mara moja. Itaonyesha, ndiyo. Itasema hatua ya tano ni mbovu na kumpa namba. Lakini kijana alikuwa anawaza nini alipomwinua yule farasi? Alimwona yule wa c6? Hayo simu haiyajui. Ni yeye wa kuulizwa, na mpinzani wake pia, kabla kete hazijarudi sandukuni.

Nenda kibarazani wanapocheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mchezo ukiisha, ndipo kelele zinaanza. Wazee wanarudisha kete, huyu anasema ungepita huku, yule anasema muongo we, ungeliwa mbili. Aliyeshinda kwa zawadi anaambiwa usoni: hukushinda, umepewa. Hakuna anayenuna, kesho wote wako palepale. Sisi wa chesi tulipochukua saa na ukimya wa ukumbini, ule ubishi tuliuacha kibarazani. Tumeacha mwalimu nje ya mlango.

Kwa hivyo nasema: klabu isipeleke picha ya mshindi popote kabla mshindi hajakaa na aliyemshinda, bila simu, wakarudia mchezo hatua kwa hatua. Na mwenye kushinda aulizwe swali moja tu mbele ya wenzake: mpinzani wako angecheza vizuri zaidi, ungefanya nini? Akiwa na jibu, mpigieni makofi mpaka mikono iume.