Shujaa Hasa ni Yule Asiyemtisha Mwenzake

Waswahili husema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Tangu vijana walipomiminika barabarani mwezi Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao wasirudi makwao, nimeisikia methali hiyo ikitamkwa kwa sauti mbili zinazopingana. Wazazi huitaja wakiwasihi watoto wao wabaki nyumbani. Watoto nao huitaja wakiwakejeli wazazi kwa kicheko hicho cha mwoga. Lakini pande zote mbili hukubaliana, pasipo kulichunguza jambo lenyewe, kwamba ujasiri ni kuikabili hatari tu, na kwamba anayeogopwa zaidi ndiye aliye shujaa zaidi.

Ningependa leo kuwaalika wasomaji tutazame jinsi jambo hili lilivyofikiriwa na majirani zetu ambao tumekaa nao kwa zaidi ya karne moja bila kuwauliza maswali mengi. Nasema juu ya Wahindu. Katika vichekesho vyetu, Mhindi ni mwenye duka anayetetemeka nyuma ya nondo za dirisha lake. Kichekesho hicho huchanganya mambo mawili. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Singasinga, Mkristo au mfuasi wa dini nyingine. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Serikali yetu iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 mwaka 2017, lakini kutambuliwa katika gazeti la serikali si sawa na kufahamika.

Maadamu kazi yangu ni isimu, nitaanza na neno. Kisanskriti, lugha ya vitabu vitakatifu vya Wahindu, huliita jambo hili abhaya. Neno lenyewe limeundwa kwa sehemu mbili: bhaya, yaani hofu, na kiambishi a- cha kukanusha, kama vile sisi tunavyotia -to- katika kutoogopa. Katika Bhagavad Gita, sura ya 16, zimetajwa sifa za mtu mwenye tabia ya kimungu. Sifa hizo ni nyingi: ukweli, ukarimu, upole, kusamehe na kadhalika. Sifa inayotangulia zote ni abhaya. Wafafanuzi wengi wameuona mpangilio huo kuwa na hekima, kwani mwoga hawezi kusema kweli, wala hawezi kuwa mkarimu, wala upole wake hauaminiki. Huenda ni unyonge tu uliovikwa joho la wema.

Hata hivyo, neno hili lina upande wa pili, na hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Abhaya si kutoogopa peke yake. Ni pia kutoogopesha. Ni ile hali ya kumfanya mwingine awe salama mbele yako. Wahindu huzungumza juu ya kutoa zawadi ya abhaya, na zawadi hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa. Mtu anayeuacha ulimwengu na kuwa mtawa huahidi kwamba tangu siku hiyo hakuna kiumbe kitakachokuwa na sababu ya kumwogopa. Kwa Kiswahili twaweza kulikaribia wazo hili tukilikumbuka neno amani katika maana yake ya kale, pale mkimbizi alipopewa amani na mwenye mji, yaani alihakikishiwa usalama wake.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho na aingie katika hekalu lolote la Kihindu, hata la hapa Nairobi, azitazame sanamu. Nyingi zimeinua mkono wa kuume, kiganja kikimwelekea anayetazama. Ishara hiyo humwambia mja asiogope. Ajabu kubwa ni kwamba hata Kali, mungu wa kike mwenye kutisha kuliko wote, aliyevaa shada la vichwa vya watu na kushika upanga kwa mkono mmoja wa kushoto, aghalabu huchorwa akiwa ameinua mkono mmoja wa kulia katika ishara hiyo hiyo.

Je, hofu yatoka wapi? Upanishadi ya Brihadaranyaka inasimulia kwamba hapo mwanzo alikuwapo mmoja tu, naye akaogopa, kama aogopavyo kila aliye peke yake. Kisha akatafakari: ikiwa hakuna mwingine ila mimi, namwogopa nani? Hofu ikamtoka. Funzo linalotolewa ni kwamba hofu huzaliwa na wa pili, yaani na kule kumwona mwenzako kuwa kitu kilicho mbali nawe kabisa. Katika Upanishadi ya Katha tunakutana na kijana Nachiketa, ambaye baba yake alimkasirikia na kumtamkia kwamba anamtoa kwa Mauti. Kijana akaenda. Akangoja siku tatu mlangoni pa Yama, mungu wa mauti, bila ya kupokewa, na Yama aliporudi akamwahidi kumtimizia maombi matatu kwa kumfidia. Watu humsifu Nachiketa kwa ombi la tatu, pale alipokataa mali na umri mrefu akataka kujua yaliyo baada ya kifo. Mimi hulistaajabia zaidi ombi la kwanza. Aliomba moyo wa baba yake utulie na hasira imwishe. Aliyepelekwa kwenye kifo alianza kwa kumwondolea mahangaiko aliyempeleka.

Mtu ataniambia kwamba hayo ni mambo ya wenye kusoma vitabu. La hasha. Mamilioni ya Wahindu wasiojua Kisanskriti hukariri Hanuman Chalisa, utenzi wa beti arobaini unaohusishwa na mshairi Tulsidas, kila wanapoingiwa na hofu: mtoto akiogopa giza, msafiri akipanda basi la usiku, mgonjwa akingoja kupasuliwa. Hanuman, mwenye umbo la kima na nguvu zisizo kifani, katika picha za kawaida huonekana amepiga goti au amekunja mikono mbele ya bwana wake Rama. Nguvu zake ni za kutumikia. Lakini mwaka 2015 mchoraji mmoja kijana kutoka kusini mwa Uhindi alichora uso wa Hanuman uliokunjamana kwa rangi ya chungwa na nyeusi, na kwa muda mfupi picha hiyo ikabandikwa kwenye vioo vya magari na pikipiki katika miji mingi. Wapo waliofurahi kuona mungu wao amepata ukali unaoiafiki zama hii. Wapo pia abiria waliokiri kwamba gari lenye picha hiyo liliwatia wasiwasi. Katika picha moja tu, mkono ulioinuliwa kuwaambia watu wasiogope ulikuwa umeondolewa.

Mabishano hayo ya picha ni sehemu ya mabishano makubwa zaidi juu ya maana ya ujasiri wa Kihindu, na Mohandas Gandhi alikuwa na upande wake. Miongoni mwa nadhiri 11 za watu walioishi naye katika ashram, mojawapo ilikuwa kutoogopa, na mwaka 1930 akiwa gerezani Yeravda aliwaandikia barua juu yake. Mwezi Mei mwaka huo huo, wakati yeye amekwisha kukamatwa, wafuasi wake wapatao 2,500 walikiendea kiwanda cha chumvi cha Dharasana, wakiongozwa na mshairi Sarojini Naidu. Safu baada ya safu walipigwa kwa marungu yenye ncha za chuma, wala hawakuinua mikono hata kujikinga vichwa. Mwandishi wa Kimarekani, Webb Miller, aliyashuhudia hayo, na taarifa yake ikasomwa dunia nzima. Askari walikuwa na silaha, ilhali hakuna mtu mmoja aliyekuwa na sababu ya kuwaogopa wale waliokuwa wakipigwa. Hiyo ndiyo abhaya kwa pande zake mbili.

Mwisho wake nao watufunza. Januari 1948, Gandhi alifunga kula mjini Delhi ili Waislamu wa mji huo wahakikishiwe usalama wao. Tarehe 20 bomu lililipuliwa kwenye bustani alimokuwa akisali na watu, naye akakataa wanaohudhuria sala wapekuliwe. Siku kumi baadaye aliuawa kwa risasi na Nathuram Godse, ambaye alikuwa Mhindu mwenzake. Muuaji aliamini kwamba kuwapa wengine amani ni udhaifu, na kwamba Wahindu wangekuwa mashujaa siku watakapoogopwa.

Ningekuwa mwongo kama ningewaacha wasomaji wafikiri kwamba jamii ya Kihindu imeishi kwa mujibu wa neno lake zuri. Kwa karne nyingi watu wa matabaka yaliyoitwa najisi waliishi katika hofu ya kila siku: hofu ya kupita njia fulani, ya kuteka maji, hata ya kivuli chao kumwangukia mtu wa tabaka la juu. Tarehe 20 Machi 1927, Dakta B. R. Ambedkar aliwaongoza maelfu yao hadi kwenye bwawa la Chavdar katika mji wa Mahad, wakanywa maji. Bwawa lilikuwa la umma na sheria iliwaruhusu. Hata hivyo walishambuliwa siku hiyo hiyo, na bwawa likafanyiwa ibada ya kutakaswa. Ujasiri wa Mahad ulikuwa kuinama na kuteka maji kwa kiganja. Mwaka 1956 Ambedkar, pamoja na wafuasi wake kwa malaki, aliiacha dini hiyo akawa Mbuddha. Swali aliloliacha nyuma halijazeeka: mkono ulioinuliwa hekaluni ulikuwa ukimwelekea nani, ikiwa yeye hakuruhusiwa kuingia ndani auone?

Swali hilo lingali linaulizwa leo. Tangu kubomolewa kwa msikiti wa Babri huko Ayodhya tarehe 6 Desemba 1992, siasa za Uhindi zimezidi kuegemea dhana kwamba Wahindu wamekuwa wapole mno. Mwaka 2015, katika kijiji kimoja karibu na Dadri, kundi la watu lilimwua Mwislamu mmoja nyumbani kwake kwa tuhuma tu ya nyama ya ng'ombe. Mamia dhidi ya mmoja, usiku. Sijui ni katika lugha gani kitendo hicho kingeitwa ushujaa. Ilhali Narendra Dabholkar, daktari aliyeziacha shughuli za zahanati yake ili kupambana na uganga wa ulaghai, alipigwa risasi mjini Pune tarehe 20 Agosti 2013 akiwa katika matembezi yake ya asubuhi. Hakuwa na silaha wala hakuwa amemtisha mtu. Waliomwua ndio waliokuwa wakiogopa.

Sasa turudi kwetu, kwa yule mwenye duka wa vichekesho. Mwaka 1921, Harry Thuku alipohitaji mahali pa kufanyia kazi zake za siasa, mlango uliofunguka ulikuwa wa Manilal Desai, Mgujarati aliyekuwa kiongozi wa Wahindi mjini Nairobi. Miaka 12 baadaye Girdhari Lal Vidyarthi, wa familia ya Kihindu iliyotoka Punjab, alianzisha gazeti la Colonial Times ambalo kaulimbiu yake ilijitangaza kuwa huru, wazi na lisiloogopa. Katika miaka ya 1940 alishtakiwa kwa uchochezi zaidi ya mara moja, akatozwa faini, na hatimaye akafungwa jela. Tena, miongoni mwa maandishi yaliyomponza yalikuwamo yaliyochapishwa katika gazeti lake la Kiswahili, Habari za Dunia. Msomaji unayeshika gazeti la Kiswahili mkononi leo yafaa ujue kwamba Mhindu mmoja alilala gerezani kwa ajili ya gazeti la lugha hii. Uhuru alioupigania haukuwa wa watu wa kabila lake peke yao, na kwa hiyo naona alikuwa akitoa zawadi ile ile ya kale.

Kiswahili chetu kimekopa maneno mengi kutoka Bara Hindi: gari, laki, chapati. Abhaya hatukuikopa. Tulichokopa ni bima, neno lililotujia kwa njia hiyo kutoka katika bim ya Kiajemi, ambayo maana yake ni hofu, na ambayo ni ndugu wa damu wa bhaya ya Kisanskriti. Yaani tunayo hofu katika msamiati wetu, na tunailipia kila mwezi. Twalipa bima, twajenga kuta, twaajiri walinzi, na wanasiasa wetu hukodi vijana wenye marungu ili nao waogopwe. Kila mmoja ananunua usalama wake kwa kumwongezea jirani hofu, kisha twashangaa kwamba nchi nzima haina usingizi.

Narudi kwenye methali yetu. Ni kweli kwamba kwa shujaa huenda kilio. Waliozika vijana wao mwaka 2024 hawahitaji kufundishwa hilo na mwalimu wa isimu. Lakini si kila nyumba yenye kilio ni ya shujaa, na si kila anayetisha ni jasiri. Kijana aliyebeba bendera na chupa ya maji na yule aliyekodiwa kumpiga wote walikuwa barabarani, wote waliikabili hatari. Ukiuliza ni nani hakuogopa, huenda usiweze kuwatofautisha. Ukiuliza mama mwuza mboga kando ya barabara alimwogopa yupi, jibu utalipata mara moja.

Kipimo hicho ndicho ninachowaomba wasomaji wakitumie, kwa waandamanaji, kwa polisi, kwa viongozi, na kwa sisi wenyewe majumbani mwetu. Baba ambaye watoto hunyamaza akiingia asijiite shujaa. Mwalimu ambaye wanafunzi hawathubutu kumwuliza swali vivyo hivyo, na hapo najihesabu mimi mwenyewe. Hatujaimaliza kazi ya ujasiri hadi mdogo kuliko sote aweze kusimama mbele yetu bila ya kutetemeka.