Fundi Naye Ana Jina

Ndugu wafanyakazi, kibao cha makumbusho si jambo dogo. Ndicho kinachomwambia mtazamaji kitu ni cha nani na kina maana gani.

Wakoloni wa Kibelgiji walipochukua vitu vya Kongo na kuvipanga Tervuren, mara nyingi waliandika kabila na jina la Mzungu aliyevileta. Fundi hakuulizwa jina. Katika miaka ya 1930, mtaalamu Frans Olbrechts aliona kwamba viti na sanamu kadhaa za Waluba zilizotawanyika Ulaya zilichongwa na mkono mmoja. Mchongaji akaja kuitwa Fundi wa Buli, kwa jina la kijiji tu. Jina la Ngongo ya Chintu, ambalo wataalamu wengi humtaja nalo, lilikuja miaka mingi baadaye.

Sisi tunaijua hali hiyo. Chai na mkonge hutoka shambani na jina la kampuni. Mkono uliovuna hauandikwi.

Basi, vitu vinapodaiwa virudishwe, tudai na majina ya mafundi. Na kila tawi lianze nyumbani: mashine kuukuu ikiwekwa langoni pa kiwanda iwe ukumbusho, kibao kiwataje walioiendesha. Wazee wastaafu wangalipo. Tuwaulize sasa.