Kadi ya Klabu ya Kriketi: Gawanya kwa Siku Kabla Hujalipa

Wasee, tuongee pesa. Kila nikiposti klipu ya kriketi kuna mtu ananiuliza kwenye inboksi: "Sasa wewe na vile unapenda hii game, mbona usijiunge na klabu ukuwe memba?" Swali ni poa, na nimelifikiria kwa miezi kadhaa kwa sababu kuna ganji nimeweka kando ambayo inaweza kulipa kiingilio. Jibu langu la mwaka huu ni hapana. Lakini si ile hapana ya "klabu ni za mababi." Hiyo ni hasira, haijapiga hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hivyo leo tufungue daftari.

Kwanza tuelewane unanunua nini. Ukilipa uanachama Nairobi, kwa kawaida unapata kidimbwi cha kuogelea, jimu, mgahawa, baa, pakingi na meza kwenye veranda inayotazama uwanja. Kriketi yenyewe iko pale, lakini kwa mtazamaji ndiyo kitu rahisi kuliko vyote. Mechi za ligi ambazo nimeenda kuangalia, nimejitambulisha kwa soja, nikakaa kwenye nyasi upande wa mbali, nikaangalia mpaka jua likaanza kushuka. Sijatoa hata soo. Kwa hivyo kama kitu unachotaka ni kuona mpira, ujue kadi haikuuzii mpira. Inakuuzia kiti cha kivulini na ruhusa ya kuagiza chai bila kuulizwa umekuja na nani.

Sasa hesabu. Tuseme kiingilio ni shilingi 60,000 na ada ya mwezi ni 3,000. Hizi si bei za klabu yoyote, ni namba za mfano tu, wewe weka zako. Mwaka wa kwanza ni 60,000 jumlisha 36,000, hiyo ni 96,000. Sasa jiulize bila kujidanganya: utaenda mara ngapi? Ukienda Jumapili mbili kwa mwezi, ni siku 24 kwa mwaka. Gawanya. Kila Jumapili imekugharimu 4,000, na bado hujanunua samosa. Hata ukikaa miaka mitatu ndio kiingilio kitawanyike, ni 168,000 kwa siku 72. Hiyo ni zaidi ya 2,300 kila ukikanyaga hapo.

Sasa chukua familia inayoishi karibu. Baba anapiga jimu asubuhi, watoto wanaogelea, mama anacheza badminton. Wakiingia siku 200 kwa mwaka, ile 96,000 inakuwa 480 kwa siku. Kadi ni ileile, bei ni ileile, lakini kwao ni bei ya supu na chapati, na kwako ni kodi ya nyumba iliyokatwa vipande. Ndiyo maana ukiuliza memba wa miaka 20 kama inafaa atakwambia "sana," na hatakuwa anakudanganya. Yeye anazungumzia siku zake, si zako.

Halafu kuna kitu watu wa rika yetu hawaangalii: kiingilio si ndiyo mtego. Kiingilio unaweza kukipata ukigongwa na kazi moja kubwa. Mtego ni ada ya kila mwezi. Sisi tunaofanya kontenti hatuna payslip. Mwezi mmoja unalipwa na watu watatu, miezi miwili inayofuata unaishi kwa Fuliza na maombi. Ada ya klabu haijui hiyo stori. Itakuja tarehe yake kama kodi, na kuna klabu zina desturi ya kubandika majina ya wadaiwa ubaoni. Hebu fikiria umetoka mtaani kwenu ukiwa "memba," halafu jina lako liko ukutani kwa sababu mteja amekwambia invoisi itashughulikiwa wiki ijayo. Wiki ijayo ya wateja tunaijua sote.

Kuna msee aliniambia, "Lakini Uingereza watu wanapanga foleni kwa miaka kupata uanachama wa Lord's." Ni kweli. MCC, klabu iliyoanzishwa mwaka 1787 na inayomiliki uwanja wa Lord's jijini London, ina orodha ya kusubiri inayohesabiwa kwa miongo. Unaweza kuandikishwa ukiwa kijana na ukapata kadi ukiwa na mvi. Lakini uliza wanasubiri nini. Wanasubiri kuketi Pavilion wakati England inacheza Test na India ama Australia, siku ambayo tiketi za kawaida ni vita. Pale kadi ina bei kwa sababu mlangoni kuna kitu ambacho huwezi kukipata kirahisi ukiwa nje.

Na sisi tulikuwa nacho. Hapa ndipo naumia kidogo. Tarehe 4 Oktoba 1996, pale Nairobi Gymkhana, Shahid Afridi wa Pakistan alipiga mikimbio 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia ya mechi za siku moja, na ilikaa mpaka Januari 2014. Mwaka 2000 uwanja huohuo uliandaa michuano ya ICC KnockOut, na New Zealand wakaichapa India kwenye fainali. Tarehe 24 Februari 2003, kwenye Kombe la Dunia, Kenya iliifunga Sri Lanka hapohapo kwa mikimbio 53. Collins Obuya alichukua wiketi tano, akitoa mikimbio 24 pekee. Mwezi uliofuata tulikuwa Durban tukicheza nusu fainali na India. Nusu fainali ya Kombe la Dunia, wasee. Wakati huo kuwa memba Nairobi kulikuwa kama kuwa na kiti cha mbele kwa dunia.

Halafu ikaisha. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Zile timu kubwa hazitui JKIA kucheza nasi tena. Kombe la Dunia la 2003 liliandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. La 2027 linarudi Afrika, na wenyeji ni Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Soma hiyo orodha tena polepole. Kwa hivyo mtu akikuuzia kadi ya leo kwa hadithi ya 1996, mheshimu, lakini ujue anakuuzia kumbukumbu. Kumbukumbu ni tamu, ila huwezi kuigawanya kwa siku.

Hoja ya pili ambayo nasikia sana ni "konekshen." Mzee mmoja ninayemtengenezea video za duka lake, Uncle, ndiye aliyejitolea kunipendekeza, kwa sababu klabu nyingi za hivi zinataka memba wawili wakutilie sahihi. Akaniambia, "Kijana, wewe uliacha chuo. Watu wenye digrii wana klasimeti zao. Wewe una nani? Hapa utapata watu." Alisema kwa upendo na hakukosea kuhusu chuo. Nilitoka mwaka wa pili karo ilipogoma, na kuna milango ambayo klasimeti wangu wanafunguliana mimi nikiwa nje.

Lakini nilirudi kwa daftari. Kila mteja niliyenaye, Uncle akiwa mmoja wao, alinipata kupitia kazi aliyoiona kwenye simu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi ni memba wa wapi. Na ukikaa kwenye ile veranda ukaangalia vizuri, watu wanakaa na wale waliokuja nao. Ukijiunga ili uwinde wateja, baada ya mwezi utakuwa yule msee ambaye kila mtu akimuona anakumbuka aliacha kitu kwa gari. Urafiki wa klabu upo na ni wa kweli, ila unatokana na kucheza pamoja na kukaa pamoja miaka mingi. Hauji na risiti.

Sasa nitoe hoja ambayo karibu inishinde, kwa sababu haki ni haki. Kriketi si kama kandanda. Kandanda unatandika mawe mawili kwenye kiwanja cha vumbi, mnacheza. Kriketi inataka ile pichi ya katikati, urefu wa kama mita 20, imwagiliwe, ikatwe, ipigwe rola mpaka iwe ngumu na sawa. La sivyo mpira mgumu utaruka na kukuvunja meno. Kuna watu wanaamka mapema kufanya hiyo kazi na wanataka mshahara. Serikali hailipi. Ni ada za memba. Na hizi nyasi ziko kwenye ardhi ambayo ikiwekwa sokoni Nairobi hii, kesho kuna gorofa 18. Kwa hivyo wale memba ambao tunawacheka na fulana zao nyeupe, wao ndio sababu bado kuna mahali pa kurusha mpira. Mimi ninayeangalia bure kutoka upande wa mbali, naangalia kwa gharama yao. Hiyo lazima niikubali.

Lakini hoja hiyohiyo inawageukia klabu. Wengi wa waliojenga huu mchezo Kenya walikuwa na klabu zilizogawanywa kwa rangi na jamii tangu enzi za mkoloni. Majina mengine bado yanakwambia: Sikh Union, Sir Ali Muslim, Aga Khan. Mechi kati yao ndizo zilifanya ligi ikawa moto. Baadaye wakaingia kina Steve Tikolo, Maurice Odumbe, Thomas Odoyo na ndugu wa Obuya, na hapo ndipo dunia ikatujua. Somo ni jepesi: kriketi yetu ilipanda geti lilipofunguka. Kijana wa miaka 21 akiambiwa ukuwe na kiingilio ya laki ndio uingie, hataingia, atashika simu acheze michezo mingine. Na memba wa leo watazeeka. Nyasi zitalindwa na nani?

Kwa hivyo ombi langu kwa klabu si "fanyeni bure." Wekeni kadi ya vijana chini ya miaka 25 isiyo na kiingilio. Ilipwe kwa msimu, si kwa mwezi, ili mtu asiye na mshahara aweze kulipa pesa ikiwepo. Iwe ya uwanja na veranda tu, kidimbwi na jimu wabaki nazo wenyewe. Mtu anayelipa kidogo ni bora kuliko mtu anayepita nje ya ua akiangalia matatu.

Na kwako wewe unayefikiria kujiunga, kabla ujaze fomu, uliza maswali haya. Moja, kuna daraja la mchezaji? Ukichezea timu ya klabu, mara nyingi masharti huwa tofauti, na hapo hesabu inabadilika kabisa, maana mazoezi mara mbili kwa wiki na mechi Jumapili ni zaidi ya siku 100 kwa mwaka. Mbili, kuna kiwango cha chini cha kutumia kwa chakula kila mwezi? Tatu, ukisafiri ama ukisota, unaweza kusimamisha uanachama bila kulipa kiingilio tena? Nne, unaweza kuja na wageni wangapi, na wanalipa ngapi? Wakikujibu hizo nne kwa maandishi, chukua kikokotoo. Gharama ya mwaka, gawanya kwa siku utakazoenda kweli, si siku unazotamani. Namba ikitoka chini ya kile ungetumia siku hiyo mahali pengine, lipa na usiskize mtu. Ikitoka juu, weka pesa yako chini.

Mimi yangu ilitoka juu. Kwa hivyo nafanya hivi: sehemu ya ile ganji inanunua pedi, glavu na bati ya kupigia, si ya kuezeka. Nimeanza mazoezi na timu moja ya ligi ya chini inayokaribisha wachezaji wapya, na nachanga pesa ya mpira na ya uwanja kama wengine. Sehemu nyingine inabaki ya miezi mikavu, maana itakuja. Nikicheza msimu mzima bila kukosa, mwaka ujao nitajua siku zangu ni ngapi kwa ukweli, si kwa ndoto. Hapo fomu nitaijaza nikiwa na namba.

Kwa sasa, mkinitafuta Jumapili, niko uwanjani nikirudisha mipira iliyovuka mpaka. Hiyo kazi haihitaji kadi, na kocha ameniambia mkono wangu wa kurusha si mbaya.