Koti lipo, mwenyewe hayupo

Saa moja na nusu asubuhi ndiyo saa ya kuanza kazi katika ofisi za serikali nchini Tanzania. Nenda saa mbili. Kwenye benchi la nje utamkuta mama aliyekuja na basi la alfajiri, karatasi za mwanawe amezifunga kwenye pindo la kanga. Dirishani hakuna mtu. Kitini limetundikwa koti. "Yupo, ametoka kidogo," anasema mlinzi, ambaye tangu aingie zamu hajamwona.

Novemba 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alikwenda kwa miguu hadi Wizara ya Fedha akakuta viti vitupu. Baadaye zikaja mashine za alama za vidole, na wajanja wakajua kubonyeza kidole kisha kwenda kunywa chai.

Foleni za Dar es Salaam tunazijua. Anayetoka Mbagala hatumsimangi kwa dakika kumi. Lakini bosi mwenye gari na dereva akiingia saa tatu, karani atamwogopa nani? Daftari la mahudhurio lianze kukaguliwa kwa jina la bosi huyo. Na yule mama ahudumiwe kabla basi lake la kurudi halijaondoka.