Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tusiikimbie Yoga, Tuipokee kwa Masharti Yetu

Ingia katika msikiti wowote wa mwambao siku ya Ijumaa, kisha tazama pembezoni mwa safu. Utaviona viti vya plastiki vimepangwa. Zamani kiti msikitini kilikuwa cha mzee mkongwe, au cha mgonjwa aliyetoka kitandani. Siku hizi hukosi kumkuta juu yake bwana wa miaka 48, mwenye duka lake na watoto wangali skuli, asiyeweza kusujudu kwa kuwa goti halikunjiki na kiuno hakimpi nafasi. Kwa akina mama majumbani hali ni hiyo hiyo, ila wao hatuwaoni. Sharia imempa ruhusa asiyeweza, na alhamdulillahi kwa ruhusa hiyo. Lakini ruhusa ya mgonjwa si hoja ya kuupokea ugonjwa na kuutandikia kitanda.

Leo, ndugu msomaji, nataka kutetea jambo ambalo najua litawakera baadhi yenu. Nasema kwamba watu wetu wa makamo, na hasa akina mama, wangefaidika kujifunza mazoezi ya viungo na pumzi yaitwayo yoga. Tena nasema kwamba wapatikane miongoni mwao watakaojifunza mpaka wawe walimu wa wenzao.

Pingamizi ya kwanza nimekwisha kuisikia barazani. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Basi mtu aliyepita miaka 40 atakunjwa vipi asivunjike? Methali hiyo ni ya kweli kwa malezi ya mtoto, lakini mwili wa mtu si ng'onda. Msuli usiotumiwa hufupika na kukaza, na msuli ukinyoshwa polepole kila siku hurejea kulainika, hata kama mwenyewe ana wajukuu.

Ushahidi upo. Vanda Scaravelli alikuwa mama wa Kitaliani, mpiga piano, aliyezaliwa mwaka 1908. Alikuwa amekwisha pita miaka 40 alipoanza yoga, na maisha yake ya baadaye aliyatumia kufundisha. Kitabu chake juu ya uti wa mgongo kilitoka mwaka 1991, naye ana umri wa miaka zaidi ya 80. Indra Devi, aliyezaliwa Riga mwaka 1899, aliingia katika chuo cha mwalimu Krishnamacharya mjini Mysore, India, akikaribia miaka 40, na inajulikana kwamba mwalimu huyo hakuwa na hamu ya kumpokea mwanamke tena mgeni. Alivumilia, akafuzu, akafungua darasa lake Hollywood katika miaka ya 1940, na akafariki mwaka 2002 akiwa na miaka 102. Sisemi kwamba yoga ndiyo iliyompa umri. Umri ni wa Mungu. Nasema tu kwamba mlango haukufungwa kwa sababu ya miaka.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na hii si ya kuichekea. Yoga imetoka India, imekulia ndani ya ibada za watu wa huko, na baadhi ya walimu wake huimba maneno ya kuabudia wasivyoviabudu Waislamu. Muislamu anayeuliza "Je, jambo hili halitanichafulia dini yangu?" ameuliza swali la haki. Wanavyuoni nao wameliuliza. Mwezi wa Novemba 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilitoa uamuzi wa kuikataza yoga inayochanganya mazoezi na ibada na nyimbo hizo. Siku chache baadaye Waziri Mkuu wa huko, Abdullah Badawi, alieleza kwamba mazoezi ya mwili matupu yasiyo na nyimbo hayana neno. Mwaka 2009 maulamaa wa Indonesia nao walitenga mambo hayo mawili: yenye ibada ndani yake wakayakataza, na mazoezi matupu wakayaacha. Na mwezi wa Novemba 2017 serikali ya Saudi Arabia iliitambua yoga katika orodha ya michezo, baada ya juhudi za miaka mingi za mama mmoja wa huko, Nouf Almarwaai, ambaye alizaliwa na maradhi ya kinga ya mwili na akaona nafuu katika mazoezi hayo. Mwaka 2018 serikali ya India ikamtunukia nishani ya Padma Shri.

Kwa hiyo mpaka umekwisha chorwa, na wala si mgumu kuuona. Kunyosha mgongo si ibada. Kuvuta pumzi kwa utulivu si ibada. Kuimba jina la mungu wa watu ni ibada, na hilo tuliache kwa wenyewe. Elimu kuitazama bila ya kuisujudia ni desturi ya kale kwetu. Al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 973, alijifunza lugha ya Kisanskriti na akakifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali, ambacho ndicho msingi wa yoga. Hakutoka Uislamu kwa kukisoma. Alitaka kujua, akajua, na akatuachia sisi elimu hiyo. Isitoshe, sisi watu wa mwambao tumefanya biashara na India tangu enzi za majahazi. Chapati ni neno la huko, gari ni neno la huko, na kanga nyingi zachapwa huko hadi leo. Hakuna aliyesilimu wala kuritadi kwa sababu ya chapati.

Wapo pia wasemao: "Swala tano zatosha, ndani yake mna kusimama, kurukuu na kusujudu, yoga ya nini?" Mimi sipendi hoja hii hata kidogo. Swala ni ibada, haikufaradhishwa ili iwe mazoezi ya viungo, na kuipima kwa faida ya magoti ni kuishusha daraja. Lakini swala yahitaji mwili wa kuitekeleza. Dini yetu imetufunza kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Basi mtu atakayejinyosha asubuhi ili adhuhuri aweze kuweka paji lake chini, huyo ameitumikia swala.

Sasa tuje kwenye kupona, maana hapa ndipo wauzaji wa maneno wanapoharibu kazi. Kuna mambo ambayo madaktari wamekwisha kuyapima. Mwezi wa Februari 2017 chama kikubwa cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo juu ya maumivu ya mgongo. Kwa wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu kilipendekeza waanze kwa njia zisizo za vidonge, na yoga ikatajwa miongoni mwake. Shirika la Afya Duniani nalo katika mwongozo wake wa mwaka 2020 lilishauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kazi ya mwili ya wastani kila wiki, na waliofika miaka 65 waongeze mazoezi ya kusimama imara ili wasianguke. Kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta, jambo ambalo kila darasa la yoga hulifundisha, ni mazoezi ya aina hiyo. Na pumzi ya taratibu hutuliza moyo unaokwenda mbio. Hilo kila mtu aweza kulijaribu sasa hivi alipokaa.

Lakini yoga haiponyeshi kisukari, wala haimtoi mtu katika dawa za presha. Mwalimu atakayekwambia utupe vidonge vyako, mkimbie. Mwenye presha ya juu au presha ya macho asisimame kwa kichwa, na mwenye goti bovu amuone daktari kwanza. Kupona ninakokusema mimi ni kwa namna nyingine: mama aamke bila ya kuhesabu maumivu, ashuke ngazi za nyumba za Mji wa Kale bila ya kushika ukuta kila hatua, alale usiku, na hasira za umri wa kukoma hedhi zipate pa kutulia. Hayo ni madogo kwa anayeyasoma. Kwa aliyeyakosa miaka kumi ni makubwa.

Na hapa ndipo linapokuja suala la walimu. Nani atamfundisha mama huyo? Kijana wa miaka 22 mwenye viungo kama mpira hajui goti linauma vipi. Mama wa miaka 50 aliyeanza na kiuno kibovu anajua. Anajua pa kusema "ishia hapo", kwa sababu mwenyewe aliishia hapo. B.K.S. Iyengar, mmoja wa walimu mashuhuri kabisa wa yoga, alikuwa katika ujana wake mtu dhaifu aliyeandamwa na maradhi. Na ndiye aliyekuja kufundisha watu watumie mito, kamba na viti ili kila mwili, hata ulio mgonjwa, upate njia yake. Udhaifu aliouonja ulikuwa sehemu ya elimu yake.

Tena mama wa Kiislamu atataka mwalimu mwanamke, mahali pa sitara, na vazi la heshima. Mahitaji hayo ni yake kwa haki, na mwalimu wa hoteli hayajui. Mwalimu aliyetoka mtaani hahitaji kuelezwa. Mafunzo ya kawaida ya mwalimu wa yoga huchukua saa 200, na ndani yake mna elimu ya mifupa na misuli pamoja na mazoezi ya kufundisha. Nairobi tangu mwaka 2007 mradi wa Africa Yoga Project umefunza vijana wengi wa mitaa wakawa walimu. Basi kwa nini isiwezekane Mombasa, Malindi na Lamu kwa akina mama waliokwisha lea watoto wao na sasa wana nafasi mchana?

Linaloniuma ni hili. Wageni husafiri kutoka Ulaya kuja kufanya yoga katika fukwe zetu, Shela na Watamu. Wanalipa fedha nyingi kuvuta hewa ya bahari yetu. Na kijana wetu huwabebea mikoba, na mama yake yuko nyumbani ameshika kiuno. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni amekuja, tena amekuja na dawa mkononi. Mwenyeji bado anagumia.

Gharama isiwe kisingizio. Zulia la nyumbani latosha, au mkeka uliotandikwa juu ya zulia usiteleze. Leso iliyokunjwa ni kamba nzuri ya kuvutia unyayo. Takia la sebuleni huwekwa chini ya goti. Ukumbi wa akina mama wa madrasa, baada ya watoto kutoka, ni mahali pa sitara pasipo shaka. Kinachokosekana ni mtu wa kuanza, na watu wa mtaa kutomcheka.

Kwa hiyo nawaomba mabwana: mkeo akisema anataka kwenda kujifunza, usimuulize atapata wapi nguo na umri umekwenda. Nawaomba na masheikh wetu: wafundisheni watu mpaka uliopo kati ya mazoezi na ibada, kwani mtu akikatazwa bila ya kubainishiwa huyaacha yenye manufaa pamoja na yenye madhara. Nanyi akina mama mlioingia makamo, msingoje kiti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na asiyeweza kuinama, basi kwanza na ajifunze kuinama.